Nimetoa pointi kwenye pikapu ya Land Rover 109 na kuweka moduli: yote niliyoyaona kuanzia Uyole hadi Matamba

Mwana wa Isyonje (mleta uzi)

Wakuu salaam. Wazee wangu shikamooni.

Uzi huu ni mrefu. Mwaka jana nilizunguka na swali hili gereji kwa gereji hapa Mbeya, kuanzia Mwanjelwa hadi Mbalizi, na nikakosa mtu wa kunieleza jambo zima kutoka mwanzo hadi mwisho. Sasa gari linawaka na mambo yote bado yapo kichwani. Bora niyaweke hapa mapema, yamfae mwingine.

Gari ni pikapu ya Land Rover 109, Series III, injini ya petroli ya lita 2.25, distribyuta (kinachogawa moto kwa plagi) ya Lucas 25D. Marehemu baba aliichukua ikiwa imeshatumika. Ilibeba pareto, ikabeba viazi, ikapeleka wagonjwa hospitali usiku wa mvua. Mimi nilijifunzia udereva humo, nikikaa ukingoni mwa siti ili mguu ufike kwenye klachi. Kuna watakaokuja kuniambia nitoe injini niweke ya dizeli ya Toyota. Ushauri huo ni mzuri kwa mwenye nia ya biashara tu. Mimi nataka gari la baba libaki lilivyo, na liwake asubuhi.

Kuwaka asubuhi ndiko kulikonifikisha huku. Mwezi wa sita na wa saba huku juu umande unaganda kwenye majani ya viazi. Stata ilikuwa inazunguka kwa uzito, ukitoa plagi unaona moto mwembamba, mwekundu, hauna nguvu. Injini inashika silinda mbili, inakohoa, inazima, na betri ndiyo inaisha hivyo. Ikishapata moto inatembea, lakini ukiipa mzigo mlimani inaanza kumisi, yaani silinda zinakosa moto. Nilikuwa nabadilisha pointi (vyuma viwili vinavyofunga na kukata umeme wa koili) na kondensa yake kila baada ya miezi michache, na kila mara naambiwa tatizo ni spea za siku hizi.

Basi nikaagiza moduli. Kwa wasioijua: unatoa pointi na kondensa, unabandika kidude kidogo kwenye pleti ileile zilipokaa pointi, unavisha pete yenye sumaku nne chini ya rota, kile kinachozunguka juu ya shafti kikigawa moto. Kila sumaku ikipita, kidude kinakata umeme wa koili (inayokuza volti 12 kuwa maelfu), na plagi inapata moto. Hakuna chuma kinachogusana na chuma. Pointi zina kisigino kinachosuguliwa na shafti. Kisigino kikiisha, nafasi ya pointi inapungua na taimingi (wakati wa plagi kutoa moto) inachelewa kidogo kidogo bila wewe kujua. Moduli haina ugonjwa huo. Si ushamba wala si jambo la jana: kampuni ya Chrysler kule Marekani iliweka mfumo usio na pointi kwenye magari yake kwa kawaida tangu matoleo ya 1973.

Nikafunga. Wiki mbili gari lilikuwa tamu. Wiki ya tatu napeleka mbolea Matamba kwa ile barabara ya Chimala ya kona 57, nikiwa kati ya kona na kona, ugonjwa ukarudi palepale. Nikikanyaga, inamisi. Nikiachia mguu kidogo, inarudi sawa. Nilipanda mlima wote ule kwa gia ya kwanza, huku nikiwaza kwamba pesa yangu imepotea.

Haikupotea, ila nilikuwa nimeanza mwisho. Nilipofika nyumbani nilitoa distribyuta nzima, nikaiweka mezani, nikaanza kupima kila kitu kwa mita. Nilichokikuta ndicho sababu ya uzi huu.

Kwanza, umeme unaofika kwenye koili. Betri ilikuwa na volti 12.5. Kwenye koili, ufunguo ukiwa umewashwa na pointi zimefunga (nilizirudisha kwa ajili ya kupima), nilipata 10.4. Volti mbili zilikuwa zinaliwa njiani, kwenye swichi ya ufunguo ya miaka ile na viungio vyenye kutu ya kijani. Sasa piga hesabu. Asubuhi ya baridi stata ikizunguka, betri inashuka hadi volti 9 au 10. Toa zile mbili, koili inabaki na 7 au 8. Na nguvu ya cheche haipungui sawasawa na mkondo, inapungua kwa mraba wake: robo ya mkondo ikipotea, karibu nusu ya nguvu ya cheche imekwenda. Kwa hali hiyo hata ningefunga moduli ya ndege, asubuhi ningesukuma.

Dawa yake ni rilei. Waya mnene kutoka betri, fyuzi ya ampea 15, unaingia rilei mguu wa 30, unatoka 87 kwenda chanya ya koili. Waya wa zamani wa ufunguo unaenda 86, na 85 unaenda ethi, yaani bodi ya gari. Swichi ya ufunguo sasa inaamrisha tu, haibebi mzigo. Baada ya hapo koili ikapata 12.3.

Tahadhari moja hapa. Nilipomaliza, nikazima ufunguo na injini ikaendelea kunguruma. Nikazima tena, ikaendelea. Kumbe altaneta ilikuwa inarudisha umeme kupitia taa ya chaji kwenye dashibodi, umeme mdogo, lakini unatosha kuishikilia rilei. Niliweka daiodi moja kwenye waya wa ile taa, inayoruhusu umeme kwenda altaneta na kuzuia kurudi. Ikazima.

Pili, shafti. Nilipima nafasi ya pointi kwa fila (bapa za kupimia nafasi) kwenye pembe zote nne za shafti. Inatakiwa iwe kati ya milimita 0.35 na 0.40. Nikapata 0.40, 0.36, 0.28, 0.38. Pointi moja haiwezi kuwa na nafasi nne tofauti. Maana yake ni kwamba bushi inayoshika shafti imekwisha na shafti inacheza, kila silinda ina taimingi yake. Niliishika kwa vidole nikaisukuma pembeni, ikagonga.

Tatu, na hili ndilo lililonitesa kwenye kona 57: ndani ya distribyuta kuna kipande cha waya wa kusuka, kifupi kama kidole, kinachounganisha pleti na mwili wa distribyuta. Ndiyo ethi ya pleti. Pleti hiyo inazungushwa mbele na nyuma na vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) kila unapobadilisha mguu, miaka hamsini. Wa kwangu ulikuwa umekatika nyuzi karibu zote, umebaki kushikana kwa bahati. Niliunganisha mita kati ya pleti na mwili, nikanyonya mpira wa vakyumu kwa mdomo: pleti ikisogea mbele namba inatulia, nikiachia irudi nyuma inaruka. Injini ikibebeshwa mzigo vakyumu inaanguka, pleti inarudi nyuma, na ethi inapotea. Moduli yangu nayo inachukua ethi kwenye pleti hiyohiyo, kwa hiyo ugonjwa ulihamia kwa mgeni. Nimebadilisha kabureta mara mbili kwa sababu ya waya huu, wakuu. Mara mbili.

Nne, rota. Rota nyingi zinazouzwa sasa zina ribiti inayoshika kile chuma cha juu, na ribiti ikiingia ndani sana inakaribia shafti. Moto unatoboa plastiki unaishia kwenye shafti badala ya kwenda kwenye plagi. Yangu ilikuwa na kidoa cheusi kidogo kwa ndani, kama kichwa cha sindano. Nilitafuta isiyo na ribiti.

Baada ya kukereza bushi mpya, kubadilisha ule waya wa kusuka, rota na rilei, nilirudisha pointi za zamani kwanza ili nione. Nawaambia kwa moyo mmoja: gari liliwaka asubuhi kwa pointi zilezile. Ndipo nikafunga moduli tena, na hapo ndipo faida yake halisi ilipoonekana, kutulia kwa taimingi na kutogusa kitu mwezi baada ya mwezi. Mwenye kuanza na moduli akaacha bushi na ethi anapaka rangi ukuta wenye ufa.

Mengineyo kwa kifupi. Koili iwe ya omu 3 kama huna resista. Waya za plagi ziwe za kaboni, zile za shaba tupu zinavuruga moduli. Plagi nimezifungua kutoka 0.75 hadi 0.90. Usiache ufunguo umewashwa injini ikiwa imezima, koili na moduli vinachemka. Na taimingi: huku kwetu hewa ni nyepesi, Mbeya mjini tuko kama mita 1,700, kwa hiyo mchanganyiko unaungua polepole kidogo na injini inakubali moto wa plagi utoke mapema kuliko pwani. Mimi nimetulia nyuzi 8 kabla ya topu (pistoni kufika juu kabisa), mpira wa vakyumu nikiwa nimeuchomoa na kuuziba wakati wa kupima kwa tochi ya taimingi. Nilisogeza hadi ikaanza kugonga mlimani, nikarudi nyuma kidogo.

Wenye maswali karibuni.

---

Fundi wa Soweto

Marahaba kijana. Nimesoma yote. Kazi umeifanya na nakupongeza, hasa kwa kupima pembe zote nne, vijana wengi wanapima moja wanafunga.

Lakini lazima niseme upande wa pili, kwa sababu watu watasoma hapa wataacha pointi kwa kusikia. Mimi nimelala porini na magari. Pointi ikileta matatizo Kitulo saa mbili usiku, una kipande cha msasa, una bisibisi, unasafisha, unaweka nafasi, unaondoka. Moduli ikifa haisafishwi wala haisukumwi. Imekufa. Na huku kwetu duka la karibu lenye kile kidude liko wapi?

Pili, pointi zinasingiziwa. Watu wanasugua kwa msasa wa mbao, wanaacha vumbi katikati, kesho zimeungua. Tumia msasa mwembamba, kisha pitisha karatasi ngumu safi kati ya pointi hadi itoke nyeupe. Paka grisi kidogo sana kwenye shafti ili kisigino kisiliwe. Na ukiona pointi moja imeota kichuguu na nyingine ina shimo, usilaumu pointi, kondensa haifai.

Halafu nimeona hujaandika kuhusu springi za vile vyuma vya taimingi chini ya pleti. Ziko mbili na hazifanani. Moja ni nyepesi, nyingine nene na inakaa imelegea, inashika tu mwendo ukiongezeka. Nimeshuhudia mafundi wakikata ile iliyolegea ili "ikaze". Injini inapoteza nguvu yote ya juu. Ilivyolegea ndivyo ilivyotengenezwa.

---

Mwana wa Isyonje

Mzee wangu, ndaga sana. La springi nimelisoma mara mbili, mimi mwenyewe nilikaribia kuikaza.

Kuhusu kulala porini nakubali, na sikubishii. Nilichofanya ni hiki. Nilinunua pleti nyingine nzima ya mtumba pale Mwanjelwa. Nikafunga pointi mpya na kondensa, nikaiweka kwenye distribyuta, nikaseti nafasi, nikawasha gari, nikaweka taimingi, kisha nikachora alama ya pili kwenye mwili wa distribyuta inayoonyesha ilipokaa kwa pleti hiyo. Halafu nikaitoa, nikaifunga kwenye tambara lenye mafuta kidogo, ipo chini ya siti pamoja na bisibisi fupi. Moduli ikifa, ni skrubu mbili na waya mmoja, unazungusha distribyuta hadi alama ya pili, unaondoka. Nimejaribu nyumbani gizani kwa tochi ya simu, dakika ishirini na kitu.

---

Kamwene Ipogolo

Kamwene wote. Niko Iringa. Nina Hilux ya mwaka 1978, injini 18R. Mwenzenu pointi zinaungua kila baada ya wiki mbili tatu, zinakuwa za bluu. Koili ukiishika huwezi kuvumilia hata sekunde. Kondensa nimebadilisha nne. Nilikuwa naenda kununua moduli mwisho wa mwezi, sasa huu uzi umenitia shaka. Nianzie wapi?

---

Mwana wa Isyonje

Kamwene mkuu. Usinunue kitu kwanza. Chomoa waya za koili, pima omu kati ya chanya na hasi. Kisha angalia kama kuna kidude cheupe cha kauri, kirefu kama kidole gumba, kimefungwa karibu na koili. Rudi na majibu.

---

Kamwene Ipogolo

Mita inasoma 1.6. Kidude cheupe hakipo, ila kuna sehemu yenye matundu mawili ya skrubu pembeni ya koili na waya mbili zimesokotwa pamoja kwa selotepu nyeusi.

---

Fundi wa Soweto

Ndiyo hapohapo mwanangu. Kile cheupe ni resista, na kuna mtu aliitoa akaunganisha waya moja kwa moja.

Koili yako ni ya kutumia resista. Ya kawaida ya omu 3 inavuta ampea 4 kwa volti 12. Yako ya omu 1.6 bila resista inavuta zaidi ya 7. Zote zinapita kwenye pointi. Zitaachaje kuwa za bluu? Kiwandani walifanya hivyo kwa akili: stata ikizunguka, umeme unaruka resista na koili inapata betri yote, moto unakuwa mkali wakati wa baridi. Injini ikiwaka umeme unapita kwenye resista, koili inapumzika. Aliyeitoa alikuondolea pumziko.

Rudisha resista ya omu 1.5 hivi, au weka koili ya omu 3 uachane nayo. Pointi za Toyota yako zifungue 0.45, si 0.35 kama za Land Rover.

---

Mwana wa Isyonje

Niongezee kwa siku utakayofunga moduli: waya wake wa chanya uchukue umeme kabla ya resista, upate volti kamili. Koili ndiyo ibaki baada ya resista. Ukiviweka vyote baada ya resista, moduli inakosa chakula wakati wa kupiga stata na utadhani umeuziwa mbovu.

---

Baba Wawili Njombe

Swali dogo. Land Rover yangu ni IIA ya 1964. Moduli hizi zinaingia?

---

Fundi wa Soweto

Angalia betri kwanza. Waya unaokwenda kwenye bodi ni wa hasi au wa chanya? Land Rover nyingi za Series II na IIA za mwanzo chanya ndiyo ethi. Ukifunga moduli ya hasi kwenye gari la namna hiyo inaungua ndani ya sekunde ile unayowasha ufunguo. Zipo moduli za chanya, ama ugeuze gari lote, na ukigeuza kumbuka dainamo lazima ipewe umeme upya iigeuze nguvu yake, na waya za koili zibadilishane. Usikubali fundi akwambie "tutajaribu tuone".

---

Baba Wawili Njombe

Nimetoka kuangalia na tochi. Chanya ndiyo iko kwenye bodi. Asante sana mzee, umeniokoa.

---

Mama Ndizi Rungwe

Habari zenu kaka zangu, mzee shikamoo.

Mimi ni mwanamke na pikapu ni yangu, Series III kama ya kaka wa Isyonje, nasomba ndizi kupeleka Uyole na Kabwe. Shida yangu si baridi, ni maji. Tukuyu kwetu mnaijua, mvua na ukungu vinashindana. Ikinyesha usiku, asubuhi gari halishiki kabisa. Dereva anatoa kofia ya distribyuta, anaifuta kwa kanga, inawaka. Nikipita kwenye dimbwi inakata silinda. Nimeambiwa ninunue waya za plagi mpya, nimenunua, bado. Je moduli itanisaidia?

---

Mwana wa Isyonje

Dada, moduli haitakusaidia kwa hili, nisikudanganye. Moduli iko upande wa volti 12. Maji yanakusumbua upande wa volti elfu ishirini na zaidi, yaani kofia, rota, waya, na kichwa cha koili. Ukiongeza nguvu ya moto bila kuziba njia, unaupa nguvu ya kutorokea.

Fanya hivi leo usiku. Gari likae gizani kabisa, taa zote zimezimwa. Fungua boneti, mwambie dereva awashe, wewe simama pembeni uangalie bila kugusa kitu. Ukitaka mvua, nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya kupulizia, si ndoo. Utaona wenyewe moto wa bluu unapotembea.

---

Mzee wa 404

Naomba niingize neno la Peugeot, maana uzi unakuwa wa Land Rover tu. Nina pikapu ya 404 tangu nikiwa kijana, aina ya gari iliyochukua mbio za East African Safari mwaka 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapahapa Tanzania. Kwa mvua tulikuwa na adha yetu: plagi zimezama ndani ya visima, na moto unashuka kwa bomba refu. Mpira wa juu ukichoka, mafuta na maji vinajaa kisimani, na moto unakata kona kabla haujafika kwenye plagi. Nilipoteza miezi mingi nikibadilisha koili. Siku niliyotoa mabomba na kuyakuta yamelowa, nilikausha, nikaweka mipira mipya, basi.

Mama, usidharau vitu vya mpira. Kile kikofia cha mpira kinachofunika waya pale unapoingia kwenye koili, kama kimepasuka, maji yanapita humo.

---

Mama Ndizi Rungwe

Kaka zangu nimefanya jana usiku. Nimeona kwa macho yangu! Kwenye kofia, kati ya waya wa kati na waya wa silinda ya tatu, kuna mstari wa bluu unacheza kama radi ndogo. Asubuhi tumetoa kofia, kwa ndani kuna mchirizi mweusi mwembamba kama unywele. Huo ndio tulikuwa tunaufuta na kanga kila siku.

Dereva kajaribu pia kusukuma shafti pembeni kama ulivyoandika. Inagonga.

---

Mwana wa Isyonje

Hongera sana dada. Mchirizi huo ni kaboni, umeshakuwa njia ya umeme, haufutiki kwa kitambaa. Kofia hiyo weka pembeni. Mpya ukiipata, hakikisha kile kipande cha kaboni cha katikati kinarudi kwa springi ukikibonyeza. Kisha paka grisi ya silikoni kidogo kwenye midomo ya waya kabla ya kuzichomeka, maji hayaingii. Mimi pia nimeweka kipande cha mpira wa tairi la baiskeli mbele ya distribyuta kuzuia maji ya feni.

Shafti nayo usiiache. Ukibadilisha kofia gari litawaka kwenye mvua, lakini kwa mzigo wa ndizi kupanda kutoka Kiwira utaendelea kusikia kumisi.

---

Kamwene Ipogolo

Marejesho. Resista nimeipata kwa fundi mmoja hapa mjini, imetoka kwenye gari lililokatwa. Nimefunga. Koili sasa naishika kwa mkono. Wiki ya pili hii, pointi bado nyeupe. Moduli nitanunua, lakini sina haraka tena.

---

Fundi wa Soweto

Vizuri mwanangu wa Iringa.

Mama wa ndizi, hiyo bushi isikupe mawazo. Njoo Soweto siku utakayoleta mzigo Kabwe, mwambie dereva atoe distribyuta asubuhi, jioni mtaondoka nayo. Kijana wa Isyonje, na wewe njoo na hiyo pleti yako ya akiba, nataka kuiona ulivyoichora.

Bushi ninayo moja. Hizi za shaba ya vumbi zinapaswa kulala kwenye mafuta ya injini siku nzima kabla ya kupigwa, zinywe. Nimeiloweka tangu leo asubuhi.

---

Mama Ndizi Rungwe

Mzee, ndaga fijo. Alhamisi tupo.